Zinki Oksidi: Unga Mweupe Unaokinga Ngozi, na Jinsi ya Kuutumia Ufae

SOMO LA AFYA KWA WAKAZI WA KAUNTI YA KILIFI

Katika Kaunti ya Kilifi, jua ni sehemu ya kazi. Mvuvi wa Ngomeni hulikuta baharini, mkulima wa Ganze hulikuta shambani, na mfanyakazi wa mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni hushinda nalo mahali pasipo na mti hata mmoja. Mhudumu wa bodaboda hulipokea mikononi na usoni siku nzima. Wengi hulizoea kwa sababu ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili. Hata hivyo, kwa mtu mwenye ualbino anayeishi na kufanya kazi miongoni mwao, jua hilo hilo linaweza kuleta vidonda na hatimaye saratani ya ngozi.

Mafuta ya kukinga jua ni mojawapo ya njia za kuzuia madhara hayo. Kiambato kimoja kinachotajwa mara nyingi kwenye mafuta hayo ni zinki oksidi. Wapo wanaopewa mafuta haya na kuyaacha kabatini kwa sababu yanaufanya uso kuwa mweupe. Wapo wanaopaka tone dogo ili kichupa kidumu miezi mitatu, wakidhani wamekingwa. Wengine hununua bidhaa isiyo ya kukinga jua kabisa, mradi tu imeandikwa jina la zinki.

Baada ya kulisoma somo hili, mkazi anatarajiwa kuweza:

1. Kueleza zinki oksidi ni nini na inavyozuia miale ya jua.
2. Kusoma maandishi ya kichupa kabla ya kununua.
3. Kupima kiasi cha mafuta kinachohitajika mwilini.
4. Kutambua dalili za ngozi zinazohitaji kupelekwa hospitali.

Miale isiyoonekana

Mwanga wa jua una sehemu inayoonekana, sehemu inayosikika mwilini kama joto, na sehemu ya tatu ambayo haionekani wala haisikiki. Hiyo ya tatu ndiyo miale ya urujuanimno, ambayo kwenye bidhaa huandikwa UV. Kwa kuwa haisikiki, upepo wa kusi ukivuma ufukweni mtu huona hewa ni baridi na kudhani jua limepungua ukali. Joto ndilo lililopungua. Miale ipo pale pale.

Miale inayofika ardhini ni ya aina mbili. UVB ndiyo inayochoma ngozi na kuifanya iwe nyekundu, ivimbe au ibabuke, na mchango wake katika saratani ya ngozi ni mkubwa. UVA huingia ndani zaidi ya ngozi, huizeesha, huongeza madoa usoni, nayo pia huchangia saratani. Sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno inayotufikia ni UVA, ambayo hupita hata kwenye kioo cha dirisha la kawaida.

Kilifi iko karibu na Ikweta, kiasi cha digrii tatu hadi nne kusini yake. Kwa sababu hiyo jua la adhuhuri husimama karibu utosini, hasa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na miale hupita safari fupi angani kabla ya kufika chini. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mchanga mkavu wa pwani huakisi takriban asilimia 15 ya miale hiyo, na povu la bahari takriban asilimia 25. Nusu mita chini ya maji, miale bado ina takriban asilimia 40 ya nguvu yake ya juu. Mtu aliyeketi chini ya mwavuli ufukweni, au mtoto anayeogelea, bado anafikiwa na miale.

Saa za hatari zaidi ni kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Asiye na saa anaweza kutumia kivuli chake: kikiwa kifupi kuliko urefu wake, miale ni mikali. Mawingu mepesi hayazuii kiasi kikubwa cha miale.

Zinki oksidi ni nini?

Zinki ni madini ambayo wakazi wengi wanayo nyumbani bila kufikiri. Mabati ya paa hupakwa zinki ili chuma kisishike kutu haraka. Vidonge ambavyo mtoto anayeharisha hupewa zahanati pamoja na maji ya chumvi na sukari ya ORS ni vya zinki.

Madini haya yakiungana na oksijeni hupatikana zinki oksidi, yaani unga mweupe, laini, usioyeyuka katika maji. Njia mojawapo ya kuutengeneza kiwandani ni kuichemsha zinki hadi iwe mvuke, kisha mvuke huo ukaungua hewani na kuwa unga. Unga huo hutumika katika kutengeneza matairi, rangi, dawa za vipele vya nepi, losheni ya kalamini na mafuta ya kukinga jua.

Kwa miaka mingi waokoaji wa fukwe za Australia walijulikana kwa pua zao nyeupe. Weupe ule ulikuwa krimu nzito ya zinki oksidi.

Inavyozuia miale

Mafuta ya kukinga jua yamegawanyika katika makundi mawili kulingana na viambato. Kundi la kwanza hutumia kemikali za kaboni zinazoyeyuka ndani ya mafuta. Kundi la pili hutumia madini, nayo ni mawili: zinki oksidi na titani dioksidi. Madini haya hayayeyuki. Hubaki kama chembe ndogo sana zilizotawanyika ndani ya krimu.

Watu wengi wamefundishwa kuwa chembe za zinki oksidi hufanya kazi kama kioo kinachorudisha miale angani. Vipimo vya maabara vimeonyesha kuwa kiasi kinachorudishwa ni kidogo, takriban asilimia 5. Kazi kubwa ni kuimeza miale. Mwale unapogonga chembe, nguvu yake huchukuliwa na kugeuzwa kuwa joto dogo mno lisilosikika, na ngozi iliyo chini hubaki salama.

Ubora wa zinki oksidi ni upana wa kinga yake. Humeza UVB na sehemu kubwa ya UVA. Titani dioksidi ni hodari zaidi kwa UVB na kwa UVA iliyo karibu nayo, lakini hupungua nguvu mbele zaidi. Ndiyo sababu bidhaa nyingi za madini huchanganya yote mawili, au huweka zinki oksidi nyingi zaidi.

Jambo la kukumbuka ni kuwa chembe hizi hulinda pale zilipo tu. Mahali zilipokosekana, pana tundu. Mafuta yakipakwa membamba, yakifutwa na leso, yakioshwa na jasho au maji ya bahari, matundu huongezeka na miale hupita. Mambo yote ya kipimo na ya kurudia kupaka yanatokana na ukweli huu.

Kusoma maandishi ya kichupa

Maandishi mengi ya bidhaa hizi huwa ya Kiingereza. Mnunuzi anashauriwa kutafuta mambo matano.

Kwanza, jina la kiambato. Zinki oksidi huandikwa Zinc Oxide, mara nyingi pamoja na asilimia yake. Marekani na nchi za Umoja wa Ulaya huruhusu hadi asilimia 25.

Pili, namba ya SPF. Namba hii hupima hasa kinga dhidi ya kuchomwa na UVB. SPF 15 hupitisha sehemu moja kati ya 15 ya miale inayochoma, yaani huzuia takriban asilimia 93. SPF 30 huzuia takriban asilimia 97, na SPF 50 asilimia 98. Tofauti kati ya 30 na 50 inaonekana ndogo, lakini kwa mtu mwenye ualbino anayekaa nje siku nzima, miale inayopita kwenye SPF 30 ni zaidi ya mara moja na nusu ya ile inayopita kwenye SPF 50. Mtu mwenye ualbino asitumie bidhaa iliyo chini ya SPF 30, na 50 ni bora.

Tatu, kinga ya UVA. SPF peke yake haitoi habari hiyo. Bidhaa inayokinga aina zote mbili huandikwa Broad Spectrum, au huwa na herufi UVA ndani ya duara.

Nne, tarehe ya mwisho ya matumizi. Mafuta yaliyopitwa na wakati, au yaliyoachwa kwenye gari au chini ya kiti cha pikipiki juani, huweza kujitenga: maji upande mmoja na unga upande mwingine. Yakishafika hapo hayapakiki sawasawa na hayafai tena.

Tano, alama ya ubora ya Shirika la Viwango nchini, KEBS. Krimu zisizo na alama hazina dhamana yoyote. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi zimewahi kupatikana na zebaki au haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku katika vipodozi hapa Kenya. Hizo huidhoofisha ngozi, na ngozi iliyodhoofishwa huumia zaidi juani.

Kipimo: kijiko cha chai

Namba ya SPF hupimwa maabara kwa kupaka miligramu 2 za mafuta kwenye kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Watu wengi wakiwa nyumbani hupaka robo hadi nusu ya kiasi hicho. Kwa hivyo kichupa kimeandikwa 50, lakini kinga iliyo mwilini ni ndogo zaidi kwa mbali.

Njia rahisi ya kupima ni kijiko cha chai, ambacho huchukua mililita 5. Kwa mtu mzima:

- Uso, masikio na shingo: kijiko kimoja.
- Kila mkono: kijiko kimoja.
- Kila mguu: kijiko kimoja.
- Kifua na tumbo: kijiko kimoja.
- Mgongo: kijiko kimoja.

Jumla ni vijiko saba, yaani mililita 35 kwa mwili mzima, kwa kupaka mara moja. Kichupa cha mililita 100 kinatosha kumpaka mtu mzima mwili wote mara mbili, na kubaki kidogo kisichotosha mara ya tatu. Hesabu hii huwashangaza wengi.

Tuchukue mfano wa mvuvi mwenye ualbino anayekaa baharini kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana na kupaka mara tatu. Akivaa fulana ya mikono mifupi na kaptura, anahitaji vijiko vitano kila mara: kimoja cha uso, viwili vya mikono na viwili vya miguu. Hiyo ni mililita 25. Kichupa chake kitatosha mara nne, yaani siku moja na kidogo.

Mvuvi huyo huyo akivaa shati la mikono mirefu, suruali ndefu na kofia pana, ngozi iliyobaki wazi ni uso, masikio, shingo, migongo ya viganja na sehemu ya juu ya nyayo. Anahitaji kama kijiko kimoja na nusu, yaani mililita 7.5. Kichupa kile kile kitatosha mara 13, zaidi ya siku nne za kazi.

Hapo ndipo lilipo fundisho kuu la somo hili. Nguo ndiyo kinga ya kwanza, na zinki oksidi ni ya mahali ambapo nguo haifiki. Nguo haihitaji kupakwa tena kila saa mbili, haioshwi na jasho, na hutumika mwaka mzima. Anayevaa vizuri hupaka mafuta kidogo kwa eneo, lakini mazito ya kutosha. Anayetegemea mafuta peke yake huishiwa mapema, kisha hupunguza kipimo, na ngozi huungua ingawa amepaka.

Kuhusu nguo, kitambaa kilichofumwa kwa kubana ni bora kuliko chepesi kinachopitisha mwanga. Kitambaa kikiinuliwa juani na mwanga ukaonekana kwa urahisi upande wa pili, miale nayo inapita. Kofia ya kitambaa isiyo na ukingo, na kofia yenye ukingo wa mbele tu, huacha masikio na shingo wazi. Kofia ya ukili yenye ukingo mpana pande zote, ambayo wasusi wa hapa Pwani wanaweza kuisuka, hufaa zaidi. Ukingo wa takriban sentimita 8 au zaidi ndio wa kulenga.

Hatua za kupaka

1. Mafuta yapakwe dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka nje, ili yakae sawasawa kwenye ngozi iliyo kavu.
2. Kichupa kitikiswe kwanza, kwa kuwa unga wa madini huweza kutuama chini.
3. Mafuta yawekwe kwa vitone sehemu mbalimbali za uso, kisha yasambazwe taratibu. Yasisuguliwe hadi yaishe.
4. Sehemu zinazosahauliwa zikumbukwe: masikio mbele na nyuma, kisogo, kope kwa uangalifu, midomo, na utosi kwa mwenye nywele chache. Kwa midomo hutumika mafuta maalumu yenye SPF.
5. Mafuta yapakwe tena kila baada ya saa mbili, na kila baada ya kuogelea, kutokwa na jasho jingi au kujifuta.
6. Dawa ya kufukuza mbu ikihitajika, mafuta ya kukinga jua hutangulia, kisha dawa ya mbu hufuata.

Kuna desturi ya kuchanganya mafuta haya na mafuta ya nazi au ya mgando ili yateleze na yaenee zaidi. Desturi hii ifaa iachwe. Chembe za zinki hupungua kwa kila sentimita ya ngozi, na kinga hushuka pamoja nazo.

Tatizo la weupe

Sababu moja inayowafanya watu wenye ngozi nyeusi wayakatae mafuta ya madini ni rangi nyeupe inayobaki usoni. Zinki oksidi ni nyeupe, na chembe zake zikiwa kubwa hutawanya mwanga unaoonekana. Viwanda hupunguza weupe huo kwa kusaga chembe ziwe ndogo zaidi, au kwa kuongeza rangi ya oksidi ya chuma, ile ile inayofanana na kutu. Bidhaa yenye rangi hiyo hukaribia rangi ya ngozi, na zaidi ya hapo huzuia sehemu ya mwanga unaoonekana, jambo linalowafaa wenye madoa ya usoni yanayoongezeka juani.

Je, mwenye ngozi nyeusi anahitaji mafuta haya? Melanini humkinga kwa kiasi kikubwa dhidi ya kuungua, ingawa si kabisa. Saratani ya ngozi inayowapata watu weusi mara nyingi hutokea kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, na hiyo haisababishwi na jua. Kwa mkazi wa kawaida, kofia, kivuli na nguo zinatosha kwa shughuli nyingi. Mafuta yana faida zaidi kwa mwenye madoa ya uso, anayetumia dawa zinazoifanya ngozi ihofie jua, au mwenye makovu ya kuungua. Kwa mtu mwenye ualbino mafuta ni dawa, wala si kipodozi.

Usalama

Mwaka 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilipitia viambato 16 vya kukinga jua vilivyokuwa sokoni nchini humo. Ilipendekeza viwili tu vihesabiwe kuwa salama na vyenye kufaa kulingana na ushahidi uliokuwapo: zinki oksidi na titani dioksidi. Viambato 12 vilihitaji ushahidi zaidi, na viwili vilionekana havifai. Pendekezo hilo halikusema kuwa vile 12 ni sumu. Anayepata bidhaa ya kemikali peke yake na akaitumia vizuri yuko salama kuliko asiyejikinga kabisa.

Swali huulizwa kuhusu chembe ndogo mno: je, haziingii mwilini? Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya inayoshughulikia usalama wa bidhaa za walaji iliona mwaka 2012 kuwa chembe hizo hazina hatari zikipakwa kwenye ngozi. Iliyoihofia ni njia ya kuvuta hewa. Hivyo, zinki oksidi ya kupulizia isipendelewe, na unga wake usipeperushwe karibu na watoto.

Mafuta haya yasipakwe kwenye kidonda kilicho wazi, na yasiingie machoni. Mtoto wa chini ya miezi sita akingwe kwa kivuli na nguo. Mafuta ni ya hiari ya daktari. Baada ya umri huo, mafuta ya madini huvumiliwa vizuri na ngozi nyororo ya mtoto.

Vinavyofanana lakini si kinga

Losheni ya kalamini, ile ya rangi ya waridi inayopakwa kwa mwasho wa tetekuwanga, ina zinki oksidi. Krimu ya vipele vya nepi inayo pia, wakati mwingine kwa wingi. Bidhaa hizo hazikutengenezwa wala kupimwa kwa ajili ya jua. Chembe zake zinaweza kuwa zimekusanyika mafungu mafungu na kuacha matundu. Hazina namba ya SPF ya kutegemewa.

Kwa sababu hiyo hiyo, kununua unga wa zinki oksidi na kuukoroga nyumbani hakufai. Kiwandani kuna mashine za kutawanya chembe, na kila bidhaa hupimwa.

Mafuta ya nazi hulainisha ngozi lakini kinga yake ya jua ni ndogo mno. Liwa ni pambo zuri la uso, ila halijapewa namba ya SPF na mtu mwenye ualbino asilitegemee. Vidonge vya zinki vinavyomezwa havikingi ngozi dhidi ya jua.

Mafuta ya jua na matumbawe yetu

Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, na maelfu ya familia hutegemea samaki na wageni wanaoletwa na matumbawe. Jimbo la Hawaii nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia uuzaji wa mafuta ya jua yenye oksibenzoni na oktinoksati, kemikali zilizohofiwa kudhuru matumbawe. Sheria hiyo ilianza kutumika Januari 1, 2021. Tangu hapo bidhaa nyingi za madini huuzwa kwa maneno kuwa ni rafiki wa miamba.

Maneno hayo yapokelewe kwa tahadhari. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa chembe ndogo za zinki oksidi zisizofunikwa nazo zinaweza kuyadhuru matumbawe. Adui mkubwa wa matumbawe ni joto la bahari, kama ilivyoonekana mwaka 1998 yalipopauka na kufa kwa wingi katika pwani yetu. Muogeleaji anayevaa fulana ndefu ya kuogelea hupaka mafuta machache, hujikinga vizuri zaidi, na huacha mabaki machache majini.

Kwa watu wenye ualbino na familia zao

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino nchini Kenya. Kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, watu wenye ualbino waliosajiliwa hupewa mafuta ya kukinga jua bila malipo. Ambaye hajasajiliwa anashauriwa kufika ofisi ya Baraza hilo iliyo katika kaunti, au kuuliza kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake. Katika nchi jirani ya Tanzania, hospitali ya KCMC mjini Moshi ina kituo kinachotengeneza mafuta ya Kilisun mahsusi kwa watu wenye ualbino, ushahidi kuwa bidhaa hii inaweza kutengenezwa katika ukanda wetu.

Saratani inayowapata zaidi watu wenye ualbino barani Afrika hutokea kichwani, usoni na shingoni, sehemu zile zile zinazokosa nguo. Ikigunduliwa mapema huondolewa kwa upasuaji mdogo na mtu hupona. Ikichelewa huweza kuua. Ngozi ichunguzwe nyumbani kila mwezi, na mgonjwa apelekwe kituo cha afya akionekana na:

- Kidonda kisichopona kwa wiki nne.
- Doa lenye magamba magumu linalorudi kila likibanduka.
- Uvimbe unaokua au kutoa damu kwa urahisi.
- Alama yoyote inayobadilika rangi, ukubwa au umbo.

Kidonda cha aina hiyo kisifunikwe kwa mafuta ya jua na kusubiriwa.

Shuleni, mwalimu anaweza kuokoa ngozi ya mtoto kwa mambo yasiyogharimu pesa: kumruhusu avae kofia na mikono mirefu hata kama si sare, kumketisha mbali na dirisha lenye jua, na kupanga michezo yake asubuhi mapema au jioni.

Muhtasari

Zinki oksidi humeza miale ya UVB na sehemu kubwa ya UVA, nayo ni salama ikipakwa kwenye ngozi. Hulinda pale tu ilipopakwa kwa kipimo. Kivuli na nguo hutangulia. Mafuta hufuata kwa ngozi iliyobaki wazi, kijiko kizima cha uso, masikio na shingo, kila baada ya saa mbili.

Maswali ya kujadili barazani na kwenye vikundi

1. Kichupa cha mililita 100 kitamtosha siku ngapi mtu anayetumia vijiko viwili vya chai mara mbili kwa siku?
2. Kwa nini mtu anaweza kuungua siku yenye upepo na mawingu mepesi?
3. Ni sehemu zipi za kazi kijijini ambazo hazina kivuli, na nani anaweza kujenga banda la makuti hapo?
4. Je, kila mtoto mwenye ualbino katika kijiji hiki amesajiliwa, na ana kofia pana ya kuendea shule?